Uliza Tukujibu: Mama wa nyanya kanitimua, habari naitoa wapi?

Swali: Dada habari za kazi. Nasoma diploma ya uandishi wa habari hapa Arusha, mwaka wa kwanza. Mwalimu katupa asaimenti ya kuleta habari moja ya mtaani na tuwe tumehoji watu watatu. Nikaenda soko la Kilombero, nikamkuta mama anauza nyanya nikamuuliza anaonaje hali ya biashara, akasema "ya kawaida tu", nikauliza changamoto ni zipi, akasema "zipo", afu akaniambia kama sinunui nipishe wateja. Nikajaribu na ofisini nako wananiambia mimi sio msemaji. Nafanyaje watu waongee?
*Mwanafunzi, Sakina*

Jibu: Pole mdogo wangu, ila huyo mama mi namuelewa kabisa. Ukimuuliza mtu "unaonaje hali ya biashara" umemtupia yeye kazi ya kukutafutia habari, na yeye saa hiyo anawaza nyanya zinaiva juani na hela ya mzigo wa kesho. Swali pana linajibiwa kwa neno moja, siku zote.

Rudi sokoni lakini usihoji mtu kwanza. Pita ofisi ya soko, onyesha kitambulisho na barua ya utambulisho ya chuo, waambie uko kwenye mazoezi, hiyo inakuokoa na mgambo. Afu zunguka tu uangalie. Nani anakusanya ushuru na anatoa risiti au hatoi, taka zimekaa wapi, wanaouza chini wamekaa upande gani na kwa nini hawako ndani. Kitu kimoja kikikushangaza, hicho ndo cha kuulizia. Na usiende asubuhi mzigo unaposhushwa, nenda mchana kwenye saa nane hivi watu wamepoa, simama pembeni ya meza sio mbele yake, manake ukisimama mbele unamzibia wateja.

Sasa maswali. "Mama shikamoo, leo tenga umechukua bei gani? Wiki iliyopita je? Hizi za Ngarenanyuki au wapi? Zikioza unafanyaje?" Haya ni maswali ambayo majibu yake anayo mdomoni, hayamtishi, na akishakutajia bei mwenyewe ataanza kueleza kwa nini imepanda, mara barabara, mara mvua, mara dalali, na hapo wewe kazi yako ni "ikawaje?" na "nani alikwambia?" halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kugumu. Wanafunzi wengi mtu akipumua kidogo wanarukia swali linalofuata kwenye karatasi, wakati jambo lenyewe alikuwa ndo anataka kulisema. Simu ya kurekodi usiitoe kabla hamjasalimiana, na ukiitoa mwombe ruhusa, muulize pia jina lake liandikweje na kama yuko tayari litoke. Kuna ambao wakitajwa watapata shida na wenye soko, hao usiwalazimishe.

Ukienda siku ya soko Ngaramtoni utakutana na wazee wanaotaka kuongea Kimasai. Tafuta wa kukutafsiria ambaye hahusiki na jambo unaloulizia, mfano kama ni mgogoro wa shamba la familia asikutafsirie mtoto wa mzee!

Tukirudi kwa mama wa nyanya, akikwambia bei ya tenga imepanda maradufu usikimbilie kuandika, uliza wauzaji wengine wawili meza za mbali. Kuhusu ushuru waulize ofisi ya soko, afu halmashauri ya jiji. Na hapo ndo kwenye hilo la "mimi sio msemaji". Mara nyingi ni kweli sio msemaji, halmashauri anaongea mkurugenzi au ofisa habari, polisi anaongea kamanda wa mkoa, kwa hiyo usigombane na karani. Muulize msemaji ni nani, peleka maswali yako kwa maandishi, mwambie unataka majibu lini. Kama unataka nyaraka, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 za kukujibu, kwa asaimenti ya wiki hii haikusaidii ila kwa habari ya kufuatilia itumie. Na tafadhali ile "alipotafutwa kwa simu hakupatikana" isitoke kwa kubipu mara moja.

Vikao vya baraza la madiwani pia nenda, mwananchi anaruhusiwa kukaa asikilize, na kwenye makabrasha yao kuna habari nyingi kuliko hotuba. Chagua hoja moja, mfano choo cha soko, afu ifuate mpaka kwa wanaokitumia. Mi naona hiyo inashinda mara mia zile "wananchi walia na" zinazoandikwa bila mwananchi hata mmoja kutajwa jina.

Swali: Nipo Moshi, nafanya fildi redioni. Nimemhoji kiongozi wa mtaa kuhusu maji, akanipa elfu kumi ya nauli na akasema nimsomee habari kabla haijaruka. Nimekosea kupokea?
*Pasua*

Jibu: Rudisha leo, kwa heshima, mwambie redioni hawaruhusu. Na bosi wako mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Najua wapo wakubwa wanaopokea bahasha wanaiita nauli, lakini siku utakayotaka kumuuliza hela za mradi wa maji zimeenda wapi atakukumbusha hiyo elfu kumi. Habari nzima usimsomee, ila maneno yake na takwimu zake unaweza kumrudia ahakiki, akibadilisha takwimu muombe karatasi inayoonyesha. Afu kabla haijaruka piga mamlaka ya maji, na gonga nyumba mbili tatu za mtaa huo huo uone bomba linatoa nini.