Ukienda Kununua Pikipiki ya Zamani, Ikute Imepoa

Muuzaji akikupigia simu kwamba ameshaiwasha pikipiki na anakusubiri, mwambie aizime, utakuja kesho. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniomba nimsindikize kununua Honda CG125 au pikipiki nyingine ya zamani ya silinda moja. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Mkishasalimiana, weka kiganja kwenye bloku. Kama ina joto, subirini ipoe.

Ikiwa baridi, shusha kiki kwa mkono, polepole. Lazima ifike mahali igome ndipo ipite. Kiki inayoteremka laini tangu juu hadi chini maana yake kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hakuna: ringi za pistoni zimekwisha, au valvu haikai sawasawa. Sasa iwashe, usimame nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi unaopotea wenyewe usikutishe. Moshi wa bluu unaozidi kila ukipiga resi ni oili inayopita kwenye ringi, na hapo ujue injini itashushwa. Bluu inayotoka kidogo tu pale unapoachia resi kisha ukavuta tena, mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo kuliko ya kwanza. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Aghalabu kabureta au chujio la hewa.

Halafu piga goti utazame nati ya kumwagia oili, chini ya injini. Watu wengi hawaiangalii, nami naiamini kuliko maneno ya muuzaji. Kava ya injini ni alumini, na fundi mwenye haraka akikaza nati hiyo kwa nguvu zote, nyuzi hung'oka. Ukikuta imezungushiwa plastiki, au imepakwa gundi ya chuma, au pembe zake zimekuwa duara, umeshajua mikono iliyoishika pikipiki hiyo ilikuwa ya namna gani.

Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukinata katikati, beringi za shingo zimelika. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa; ikiachana na meno mpaka ukaona nusu ya jino, tenga hela ya cheni na sproketi zote mbili. Usinunue kimoja, maana kibovu kitakimaliza kipya.

Kadi ya usajili nayo isomwe pale pale mbele ya pikipiki, namba ya chesisi kwenye shingo na namba ya injini kwenye kava, tarakimu kwa tarakimu. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela, na umilikishaji mkaufanye mamlaka ya mapato, TRA, pamoja naye. Wapo watu wanaotembelea kadi za marehemu mpaka leo, na siku ya kukamatwa hawana la kusema.

Kwa nini naipenda CG? Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki inabeba mizigo na matengenezo yanachelewa. Haina taimingi cheni. Kemu yake, mhimili unaoamuru valvu zifunguke, inazungushwa kwa gia, na fimbo mbili za chuma ndizo zinazosukuma roka juu, vile vikono vinavyokandamiza valvu. Injini nyingi za Kichina zilizojaa vijiweni zimetokana na muundo huo huo, ndiyo maana fundi wa kijijini anaijua hata kama hajawahi kuona CG yenyewe.

Lakini kuna tabia moja ya mafundi inayoniumiza roho: kukaza tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi kati ya roka na valvu, mpaka zinyamaze. Mteja anafurahi injini haipigi kelele, kumbe amebebeshwa hasara. Valvu ya ekzosi isipofunga kabisa haipati pa kupoozea joto lake, inaungua ukingoni, kompresheni inakwenda. Kitabu cha CG yangu kinataka nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Weka alama ya T ya magneti mahali pake, pistoni ikiwa juu kabisa, kisha tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo, uko sawa. Zikiwa zimebana, zungusha injini mzunguko mmoja mzima urudi kwenye T. Fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo, ipite kwa kukwaruza kidogo. Tapeti inayolia kwa mbali niachie mimi. Inayonitia wasiwasi ni ile iliyokuwa inalia na sasa haisikiki.

Oili ni takriban lita moja tu. Ikipungua robo lita, robo ya uhai wa injini imeondoka, maana oili hiyo hiyo ndiyo inayopooza, inayolainisha gia na kuosha klachi. Kupima, kaa na pikipiki wima, kijiti ukiweke bila kukikaza nyuzi. Mimi nabadilisha kila kilomita 1,500, na wakati wa vumbi sifiki huko. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Oili nyingine za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inayoogelea ndani yake huanza kuteleza mlimani.

Kabureta usiitoboe jeti kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo, ulaji wa petroli haurudi tena. Pulizia upepo. Ukiiacha pikipiki bila kuitumia muda mrefu, funga koki, mwaga petroli iliyobaki ndani ya bakuli la chini la kabureta.

Ukienda dukani kununua spea, nenda na kipuri cha zamani mkononi. Kuna injini zenye silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na nyingine za 62, zinafanana kwa macho, na muuzaji akisikia "CG" atakupa chochote kilicho karibu na mkono wake. Omba rula au kalipa, pima pale pale kaunta, ndipo utoe hela.