Kabla Hujagusa Kigezo Chochote: Kutafuta Maji Yaliyopotea Kwenye Modeli ya Bonde la Mto

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kutoka kwa wanafunzi na wenzangu wa ofisi za mabonde ni huu: "Kaka, modeli yangu inapoteza maji. Nibadilishe kigezo gani?" Jibu langu huwa lile lile: usibadilishe chochote kwanza. Chukua karatasi, andika mvua ya mwaka, andika mtiririko wa mwaka, vyote kwa milimita, ndipo tuzungumze. Nimeona kazi nzuri zikikwama kwa sababu mtu alianza kuzungusha vigezo, yaani namba zinazoiongoza modeli, kabla hajajua maji yake yameishia wapi. Jambo hili linanigusa, maana modeli hizi ndizo zinazotumika kuamua nani apewe kibali cha kuchota maji mtoni na nani aambiwe asubiri.

Nitaizungumzia SWAT, modeli ya kompyuta inayokokotoa mvua ya bonde inaishia wapi, iliyoanzia Temple, Texas, kwa Jeff Arnold na wenzake, kwa kuwa huku kwetu ndiyo iliyoenea. Mifano nitaitoa zaidi kwenye bonde la Mara: kilomita za mraba zipatazo 13,750, maji yakianzia msitu wa Mau nchini Kenya kupitia mito ya Nyangores na Amala, yakapita Maasai Mara na Serengeti, hadi Ziwa Victoria karibu na Musoma.

Kosa ambalo si kosa

Anza na hili, kwa sababu sehemu kubwa ya "makosa ya mizania" ninayoletewa, yaani maji yaliyoingia kutolingana na yaliyotoka, huishia hapa. Mtu anafungua faili la output.std, anaona orodha ya wastani wa mwaka, anajumlisha kila kinachoonekana kutoka, kisha jumla inaizidi mvua. Anasema modeli inatengeneza maji.

Tuchukue mfano. Mvua milimita 1,350. Maji yanayotiririka juu ya ardhi 120, yanayopenya kando ndani ya udongo 60, yanayozama chini ya mizizi 330, mvukizo wa udongo na mimea 840. Jumlisha hayo manne: 1,350. Imefunga. Udongo hauna deni.

Lakini orodha haijaishia hapo. Inaendelea kukuonyesha maji ya chini ya ardhi yanayorudi mtoni 210, yanayopanda tena kutoka kwenye mwamba maji wa juu (tabaka la ardhini linalohifadhi maji) na kuvukizwa 90, yanayokwenda kwenye mwamba maji wa kina 17. Ukiyaongeza hayo kwenye hesabu ya kwanza unapata 1,667, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Maji hayo hayakutoka kwenye mvua kwa mara ya pili. Ni zile 330 zilizozama, sasa zinagawanywa: 210, 90 na 17 zimetoka, 13 zimebaki zimehifadhiwa chini. Ziko mizania mbili, ya udongo na ya maji ya chini ya ardhi, na kila moja inafungwa peke yake. Ukitaka mizania ya bonde zima, unaondoa zile 330 na kuweka vipande vyake.

Zingatia pia kwamba zile 90 hazimo ndani ya 840. SWAT haiyahesabu maji yanayopanda kutoka kwenye mwamba maji kama sehemu ya mvukizo wa kawaida. Kwa hiyo ukitaka kuulinganisha mvukizo wa modeli na data za setilaiti, kama zile za WaPOR ambazo FAO huzitoa, linganisha kwa 930, si kwa 840. Tofauti ya milimita 90 inatosha kumfanya mtu aone kosa mahali ambapo halipo.

Hesabu ya mkono

Ikiwa mizania ya ndani imefunga, swali linabadilika: je, inafanana na bonde lenyewe? Hapo nakuomba kalamu na karatasi kabla ya kompyuta.

Eneo la Nyangores linaloishia Bomet lina kilomita za mraba takriban 700. Tuseme wastani wa mtiririko ni mita za ujazo 7 kwa sekunde. Mwaka una sekunde karibu milioni 31.5, kwa hiyo mto unapitisha mita za ujazo milioni 220. Gawanya kwa eneo: milimita 315. Kama mvua ni milimita 1,400, zimebaki 1,085, na kwa miaka mingi ukichukua wastani, karibu zote lazima ziwe zimerudi angani. Hizo ni milimita 3 kwa siku, kiwango kinachoingia akilini kabisa kwa nchi ya misitu na chai.

Sasa fungua modeli. Ikikwambia mvukizo ni 650, umeshajua ukubwa wa tatizo lako: milimita 435 hazijulikani ziliko. Hakuna kuchezea namba ya mkunjo, yaani CN2, kutakakolitibu hilo. CN2 inagawa maji kati ya yanayotiririka juu na yanayoingia ardhini. Ikiwa maji ni mengi kupita kiasi, yatafika mtoni tu, leo au mwezi ujao.

Wakati wa hesabu hii hakiki na eneo lenyewe. Ramani ya mwinuko ikikata bonde vibaya kwenye tambarare, unaweza kupata eneo lililopungua au kuzidi kwa asilimia kubwa, na milimita zako zote zitapotoka kwa kiwango hicho hicho. Linganisha eneo la modeli na lile lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kituo cha kupima. Ni kazi ya dakika chache.

Mvua, na watu walioipima

Vituo vingi vya mvua viko mahali watu walipo: shuleni, misheni, kwenye mashamba ya chai, ofisi za kilimo. Juu msituni, ambako mvua ni nyingi, mara nyingi hakuna kitu. SWAT hulikata bonde katika vibonde vidogo, na inakipa kila kibonde kituo kimoja tu, kile kilicho karibu zaidi na kitovu chake. Chora ramani uone kituo gani kimeshika wapi. Unaweza kukuta msitu mzima wa mlimani unanyeshewa na kituo cha mjini bondeni, ukaelewa mara moja kwa nini mto halisi una maji mengi kuliko wa modeli. Kuna njia ya kugawa kibonde kwa tabaka za mwinuko na kuongeza mvua kadiri unavyopanda. Itumie, lakini kwa kiwango unachoweza kukitetea kwa data.

Halafu soma madaftari. Mvua husomwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyokutwa kwenye kipimamvua Jumanne asubuhi kwa sehemu kubwa yalinyesha Jumatatu alasiri na usiku. Kuna wanaoandika tarehe ya kusoma na kuna wanaoandika ya siku iliyotangulia. Hili haliharibu jumla ya mwaka, ila linaisogeza mvua siku moja, na nimeona watu wakigusa vigezo vya udongo kurekebisha jambo lililokuwa la tarehe.

Baya zaidi ni sifuri ya uongo. Mwangalizi alikuwa mgonjwa Aprili nzima, aliyeingiza data kwenye kompyuta akajaza sifuri. Mwezi wa masika hauna tone! Siku isiyo na data lazima iandikwe -99, ili modeli ijaze kwa kutumia takwimu za hali ya hewa ulizoipa. Na hizo takwimu nazo ziwe za kwenu, si zilizokuja na programu. Kuikamata sifuri ya uongo si kazi ngumu: jumlisha mvua ya kila kituo mfululizo mwaka hadi mwaka, chora dhidi ya jirani zake, na mstari unapopinda ghafla, rudi kwenye daftari. CHIRPS, data za mvua zinazotokana na setilaiti na vituo, yenye mvua ya kila siku tangu 1981, inasaidia sana kama shahidi wa pembeni.

Vipimo vingine vya hewa vichunguze kwa haraka, hasa mionzi ya jua. SWAT inataka megajuli kwa mita ya mraba kwa siku, na kwetu namba huwa karibu 20. Ukiona 230, mtu ameweka wati.

Msitu unaokufa Januari mosi

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wa ukanda wa ikweta wasimame kidogo, kwa sababu mchawi wa mvukizo mdogo mara nyingi amejificha hapa.

SWAT ilizaliwa katika nchi yenye majira ya baridi. Mimea yake hukua kwa kujumlisha joto, na ratiba ya kawaida inayotengenezwa na programu huanzisha mmea joto likifika sehemu ya 0.15 ya mahitaji yake, kisha huuvuna na kuuua likifika 1.2. Kwa mahindi, sawa. Kwa msitu wa Mau, ni balaa. Joto letu halikatiki mwaka mzima, kwa hiyo msitu unamaliza joto lake mapema, unauawa, na hesabu inaanza upya mwaka mpya miti ikiwa haina majani.

Fanya hivi: omba modeli itoe eneo la majani kwa kila siku, kwa kipande kimoja tu cha ardhi chenye msitu, uchore kwa miaka mitatu. Majani ya msitu wa mvua yakishuka hadi karibu sifuri kila mwaka, umepata maji yako. Miti isiyo na majani haivuti maji. Yanazama chini na kuibukia mtoni. Futa amri ya kuua, upe msitu majani ya kuanzia, weka kiwango cha chini cha majani kinacholingana na picha za setilaiti. Kwa mbuga za nyasi za Mara na Serengeti jambo ni gumu zaidi, kwani nyasi huongozwa na mvua, si joto. Mwaka 2017 Alemayehu na wenzake walichapisha toleo la SWAT lililojaribiwa kwenye bonde hili hili la Mara, ambalo huanzisha msimu wa ukuaji kwa kuangalia unyevu wa udongo. Anayefanya kazi kati ya tropiki mbili na asome kazi hiyo kabla ya kurekebisha kigezo chochote cha mvukizo.

Maji yaliyofungiwa chini

Upande wa pili ni modeli yenye mto mkavu. Mvua sawa, mvukizo sawa, lakini kiangazi mto hauna kitu. Angalia GWQMN, kina ambacho mwamba maji wa juu lazima ukifikie kabla haujaanza kuulisha mto. Programu za urekebishaji, zinazojaribu vigezo zenyewe, hupewa nafasi ya kukitafuta hadi milimita 5,000. Kikiwekwa hapo, na ikiwa maji ya kuanzia ni milimita 1,000 na kila mwaka zinaongezeka 150, itachukua zaidi ya miaka 25 kabla tone la kwanza halijatoka. Modeli haijakosea hata kidogo; inaweka akiba tu. Mwamba maji ukijaa mwaka hadi mwaka bila kutulia, namba zako za wastani hazina maana, hata ungeanza na miaka mitatu ya kupasha moto, ile inayoendeshwa mwanzoni bila kuhesabiwa.

RCHRG_DP, sehemu ya maji yaliyozama inayopelekwa kwenye mwamba maji wa kina, nayo ni mlango wa nyuma. Maji yanayopelekwa kwenye mwamba wa kina kwa kawaida hayarudi mtoni kwako. Programu ya urekebishaji ikikuta maji yamezidi, itaufungua mlango huo kwa furaha, kipimo cha Nash-Sutcliffe, kinachoonyesha mtiririko wa modeli unavyofanana na uliopimwa, kitapanda, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba asilimia 40 ya maji ya ardhini yanazama yasirudi tena. Muulize mtaalamu wa miamba wa eneo hilo kama hilo linawezekana.

Ndiyo maana siridhiki na grafu nzuri peke yake. Wengi hutumia mwongozo wa Moriasi na wenzake wa 2007: Nash-Sutcliffe zaidi ya 0.5, na upungufu au ziada ya mtiririko isiyozidi asilimia 25. Modeli inaweza kuvipita vyote ikiwa imetupa maji mahali pasipostahili.

Na kuna mabonde ambako maji yaliyopotea yamechukuliwa kweli. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Juu yake kuna mashamba ya mpunga ya Usangu, mifereji ya Mbarali, na ardhioevu ya Ihefu inayovukiza maji kabla hayajafika mwamba wa N'Giriama, pale yanapotokea Ihefu. Modeli isiyo na mifereji wala Ihefu itaonyesha maji Septemba ambayo kituo hakiyaoni. Ukibana vigezo vya ardhini mpaka mto ukauke, umeuhamishia udongo lawama ya mifereji, na siku mtu atakapokuuliza mto ungekuwaje umwagiliaji ukipunguzwa, modeli yako haitakuwa na jibu.

Basi ukikwama na ukahitaji msaada, wangu au wa mwingine yeyote, usitume grafu ya mtiririko. Tuma jedwali la mwaka kwa mwaka lenye mvua, mvukizo, mtiririko wa juu, maji yaliyozama, na akiba ya udongo na ya mwamba mwanzoni na mwishoni. Ongeza ramani ya vituo vya mvua juu ya vibonde, mchoro wa majani ya aina mbili kubwa za uoto, na tarehe ya mara ya mwisho mtu alipokwenda kupima mtiririko kwa mkono kwenye kituo unachokilinganisha. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na mafuriko makubwa kama ya El Niño ya 1997/98 yanaweza kubadilisha sakafu ya mto kiasi kwamba jedwali la zamani la kugeuza kina cha maji kuwa mtiririko halifai tena.