Re: Hela ya korosho ninunue Rolex au Omega, inalipa?

Salama mkuu. Unauliza kama hela ya korosho kununulia saa ya Rolex au Omega inalipa. Kwa kujua saa tu, hailipi: saa ya springi yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi 6 kwa siku. Casio F-91W ya betri hukosea kama sekunde 30 kwa mwezi mzima! Kwenye Rolex au Omega unalipia ufundi na jina.

Kabla ya bei, angalia nani ataihudumia. Mimi nilirithi ya springi kwa baba mdogo. Chumvi ya hewa ya bahari hapa Shangani, mpira wa mfuniko ukachoka, ukungu ukatanda ndani ya kioo. Fundi wa sokoni aliifungua, akaifunga taratibu: "Hii peleka Dar." Nauli, kulala, ufundi juu. Kama bado unaitaka, iwe kwa mapenzi, na mbolea ya msimu ujao uwe umeshainunua.