Usiku macho yanagoma: vipimo vya kufanya nyumbani kabla ya kliniki

Kijana wa miaka ishirini na kitu akilalamika kwamba usiku haoni vizuri, mtaani ataambiwa ale karoti. Kigoma ataambiwa mawese. Si ushauri mbaya, ila kwa rika hilo cha kushuku kwanza ni macho yanayohitaji miwani. Gizani mboni hupanuka, mwanga unapita hadi pembeni mwa lenzi, na kasoro ndogo isiyokusumbua mchana inageuka ukungu, taa za bodaboda zinaota miiba.

Pima hivi. Chukua kipande cha boksi la dawa, ukitoboe kwa pini tundu la milimita 1 hivi. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, maana jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa muda na kipimo kitakudanganya. Mchana, soma bango la duka la mbali kupitia tundu hilo. Herufi zikikaa sawa, yaelekea miwani itasaidia. Zikibaki vilevile au zikafifia zaidi, kuna jambo lingine la kuchunguzwa. Rudia jicho la pili. Usiruke hatua hii: jicho zima hulifichia siri jicho bovu hata kwa miaka.

Usiku, tazama taa moja ya mbali kwa jicho moja. Ikionekana mbili au ina mkia, shuku konea (kioo cha mbele ya jicho) au lenzi. Vijana wenye aleji wanaosugua macho kutwa wamo hatarini: konea hulegea na kuchongoka, na namba ya miwani inabadilika kila mara. Acha kusugua, weka kitambaa chenye maji baridi, na aleji itibiwe. Lakini kama taa ni mbili ukitumia macho yote, na ukifunika jicho lolote inabaki moja, tatizo ni misuli au neva. Hali hiyo ikianza ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Giza nalo lina muda wake. Ukitoka kwenye mwanga mkali, jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea vizuri. Mvuvi wa dagaa aliyeikodolea macho karabai kisha akageuka kutafuta kamba, haoni. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kupita nusu saa bado unajikwaa kwenye ndoo ambayo wenzako wanaikwepa, na mchana unagonga mabega kwenye fremu za milango. Hapo huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaharibika polepole kutoka pembeni, ugonjwa ambao mara nyingi ni wa kurithi. Waulize wazee kama kuna mjomba au shangazi aliyekuwa akishikwa mkono jioni.

Tukirudi kwenye mawese: wekundu wake ndio karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ukiyachoma mpaka yakawa meupe, umeiharibu. Maini, matembele yaliyoungwa kwa mafuta na maembe ya Tabora yanafaa pia. Mwenye kuhara kwa muda mrefu au ugonjwa wa ini anaweza kupungukiwa hata akila vizuri. Vidonge vya vitamini A vya watoto vya yuniti 200,000 mjamzito asivimeze, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mistari ya kumetameta inayoanza ndogo, ikatanuka kwa dakika 20 hivi kisha kichwa kikauma, aghalabu ni kipandauso. Ila cheche za ghafla, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au pazia linaloshuka upande mmoja, usisubiri kesho: retina inaweza kuwa inabanduka. Ukungu baada ya kunywa gongo nao ni dharura, kwa sababu methanoli, pombe yenye sumu inayoweza kuwemo, huua neva ya jicho. Na anayetumia dawa za TB akiona rangi nyekundu imepauka, arudi kliniki haraka; asiache dawa kwa uamuzi wake.

Ukienda hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), beba dawa zote unazotumia na miwani ya zamani hata kama imevunjika. Eleza ni jicho lipi, tatizo lilianza lini, linadumu dakika ngapi. Omba retina ikaguliwe kwa matone ya kupanua mboni. Baada ya matone hayo utaona ukungu saa 4 hadi 6, kwa hiyo pikipiki iache nyumbani na uje na mtu wa kukurudisha.