Rafiki wa kwenye simu amelazwa: maswali yenu ya mwezi huu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliokutana kwenye magrupu ya WhatsApp: wauza vitenge, mafundi wa Katwe, Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vijana waliokwenda kutafuta riziki Dubai. Walianza kwa kuulizana bei na kutaniana kwa Kiswahili, sasa wanauguzana. Zile za kuuliza nani awe admini nimeziweka pembeni. Mtaamua wenyewe.

Dada, katika grupu letu la biashara kuna mwenzetu ambaye hatujawahi kuonana naye uso kwa uso. Figo zimefeli, yuko hospitali ya Kiruddu, Kampala, anasafishwa damu. Mimi niko Arua. Zaidi ya kuandika "pole sana", nifanye nini? (Muuza vitenge, Arua)

Pole usiidharau, iandike. Kisha tafuta namba ya anayemuuguza. Unajua hospitali zetu za serikali hapa Uganda zilivyo: mgonjwa hulazwa na mtu wake. Huyo ndiye anayepika, anayefua, anayekimbia maabara na famasi, na usiku analala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Salamu zote zinakwenda kwa mgonjwa. Huyu hakuna anayemuuliza amekula nini. Kama mna mwanagrupu anayeishi upande wa Makindye, iliko hospitali hiyo, akampokee zamu mchana mmoja ili aende kuoga na kulala. Hakuna zawadi inayoizidi hiyo.

Wewe wa Arua una simu, na hapo simu ina kazi. Kusafishwa damu huchukua kama saa nne kwa mara moja, na kwa kawaida hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki. Muda wote huo mtu yuko pale pale, mkono mmoja umefungwa mirija, anatazama dari. Uliza siku zake na saa zake, umtumie ujumbe wa sauti wakati huo. Usimpe mahubiri. Mweleze nani kaongeza bei sokoni, mteja gani kakopa na kukimbia, kitenge gani kimekataliwa na maharusi. Anataka kuwa mfanyabiashara kwa saa nne, ugonjwa anao wiki nzima.

Sasa chakula, maana hapa ndipo upendo unapoleta madhara. Msimtume mtu na kikapu cha ndizi mbivu na chupa za juisi. Figo zikishindwa kazi, potasiamu hubaki mwilini, na ikizidi moyo hupiga ovyo, hata kusimama. Ndizi, matoke, viazi, parachichi, nyanya, machungwa, vyote vinayo kwa wingi. Maji yenyewe hunywewa kwa kipimo, kwa hiyo juisi ni kosa mara mbili. Wanaopikia wagonjwa wa figo huyakata matoke vipande vidogo, huyachemsha katika maji mengi kisha huyamwaga yale maji, ili potasiamu ipungue. Lakini kila mgonjwa ana masharti yake, kwa hiyo anayepeleka sufuria aulize kwanza. Asiyetaka kuuliza apeleke sabuni, beseni, muda wa maongezi na nauli ya boda. Mashine hizi hazipo katika kila hospitali, na wengi wanaotoka mbali hulazimika kupanga chumba karibu na hospitali. Kodi ya chumba hicho haionekani kwenye picha za mgonjwa, lakini ndiyo inayowamaliza.

Tulichanga kwa ajili ya mwenzetu aliyevunjika nyonga. Sasa maneno ni mengi: "Hospitali ya serikali ni bure, pesa zimekwenda wapi?" Mimi ndiye niliyepokea. Nimeumia. (Mweka hazina, Jinja)

Wanaouliza hawajakuita mwizi, ingawa najua inavyouma. Ni kweli ada ziliondolewa katika hospitali na vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Ila ubure huo una mipaka yake: dawa ikiisha stoo familia hupewa karatasi ikanunue nje, kipimo kisichopatikana hapo hufanywa kliniki ya binafsi, na gari la kurudi kliniki kila wiki halikubali karatasi ya serikali. Wengi wa wachangaji hawajauguza mtu siku hizi. Waeleze.

Na safari ijayo pesa zisipite kwako. Ziende moja kwa moja kwenye namba ya ndugu anayemuuguza, na kila anayetuma aongeze ya kutolea, maana elfu hamsini ya kwenye simu si elfu hamsini mkononi. Kabla ya kutangaza, kaa na familia muandike kinachotakiwa na bei yake. Watu wawili waone risiti. Zikipigwa picha, jina la mgonjwa na la ugonjwa vifunikwe. Siku mchango ukifungwa, sema umefungwa. Mchango usio na mwisho ndio unaozaa maneno.

Wazee wetu hawakuona haya kuweka daftari. Vikundi vya kusaidiana vya munno mukabi huko Buganda vina vitabu vyao vya michango, na kule Kigezi vikundi vya engozi, vile vya kubeba mgonjwa kwa machela milimani hadi hospitali, vina sheria, zamu na faini. Grupu lenu ni engozi ya watu wasiokaa kilima kimoja. Kwa nini lisiwe na daftari?

Mtoto wangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Akiishiwa damu naandika grupuni, watu mia mbili wanatuma dua, anayekwenda kutoa damu hakuna hata mmoja. (Mama, Iganga)

Mama, dua ziitikie amina. Lakini nadhani tangazo lako linafika wakati mbaya. Damu inayotolewa leo asubuhi haiendi kwa mwanao leo mchana. Hupimwa kwanza VVU, homa ya ini ya B na C, na kaswende, kisha ndipo hugawiwa kutoka benki za damu: Nakasero ndiyo makao makuu, na nyingine ziko Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal na Kitovu. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mwanao hutoa damu kabla mwanao hajaumwa. Watu mia mbili wakilielewa hilo, kumi watakwenda.

Kubalianeni miezi. Watoaji wakubwa wa damu hapa kwetu ni wanafunzi. Shule zikifungwa, friji za damu hukauka. Basi grupu lenu lichukue zamu ya kutoa damu miezi ya likizo za shule. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, mkipanga majina hamtakosa mtu. Na damu haiuzwi. Atakayewaambia "leta laki moja nikutafutie chupa" aripotiwe kwa uongozi wa hospitali, hata kama amevaa koti jeupe.

Wanaouliza grupuni "amelitoa wapi gonjwa hili", wajibu hivi: nchini mwetu utafiti uliopima damu ya watoto wachanga na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba chembe moja ya urithi wake bila kuugua. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Baba na mama wote wamechangia, hakuna wa kurudishwa kwao. Halafu kinachosaidia kila siku ni vitu vidogo: maji mengi, sweta asubuhi za mvua, chandarua, na kukimbilia hospitali akipata homa badala ya kungoja majibu ya grupu. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu.

Nilimwambia rafiki mmoja wa grupuni, inbox, kwamba natumia ARV, dawa za VVU. Skrinishoti imefika kwenye grupu la watu wa kijijini kwetu. Nihame? (Kijana, Busia)

Usihame, mdogo wangu. Hasira zako ni za haki, nami ninazo.

Kwanza hifadhi ushahidi: ujumbe, tarehe, namba iliyousambaza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweka habari za afya ya mtu kati ya zile zinazolindwa zaidi. Sikuambii mahakamani ni karibu. Lakini admini akitajiwa sheria kwa jina, huwa anafuta haraka kuliko akiombwa kwa machozi. Aliyesambaza atolewe grupuni, na sababu isemwe bila kutaja tena ulichokisema wewe.

Watakuletea mfano wa mwanamuziki Philly Lutaaya, kwamba alisimama mwaka 1989 akasema hadharani ana UKIMWI, sasa wewe unaogopa nini? Mfano mzuri, wameugeuza tu. Lutaaya alichagua siku, mahali na maneno, na hata hivyo wapo waliodai anatafuta soko la nyimbo zake. Wewe hukuchagua. Miaka miwili kabla yake, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kusaidia wenye UKIMWI, baada ya mume wake kufariki: kikundi kidogo, wengi wao wakiishi na virusi wenyewe, wakakutana, wakaambiana yasiyosemeka nyumbani. Kundi kama hilo huanzia kwenye kutunziana siri. Katafute watu wa aina hiyo kliniki unakochukulia dawa, usiishie kwenye simu.

Na dawa usikose hata siku moja kwa sababu ya midomo ya watu. Anayezimeza sawasawa, kirusi kikashuka hadi kisionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ukitaka kuwajibu wa kijijini, wajibu na hilo. Usipotaka, huna deni.

Mjomba mmoja grupuni kila siku anatuma dawa: kitunguu saumu cha presha, majani ya sukari, na wakati wa Ebola alisema tufukize mvuke tukae nyumbani. Ni mtu mzima, tunaogopa kumkosoa. (Mwalimu, Kampala)

Mpigie, msimwandikie mbele ya watu. "Mjomba shikamoo, watu wanakusikiliza sana, ndiyo maana tunaogopa." Mzee akishaheshimiwa hulegea. Mpeni kanuni moja ya grupu zima: ruksa kusema "mimi nilifanya hivi", marufuku kusema "wewe acha vidonge unywe hivi". Presha haiumi, ndiyo hatari yake. Mtu huacha dawa, anajisikia vizuri wiki tatu, kisha mshipa wa kichwani unapasuka. Na vidonge vya mwenzako si sukari ya kukopeshana.

Kuhusu Ebola hakuna cha kubembelezana. Ule mlipuko wa Mubende uliotangazwa Septemba 2022 ulikuwa wa virusi vya Sudan, visivyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa, na waliofichwa nyumbani waliwaambukiza waliowauguza. Ujumbe kama huo ufutwe palepale, mjomba atazoea. Ya namna hiyo ulizeni Wizara ya Afya, namba ya bure 0800 100 066.

Niko lindo la usiku. Saa nane mwenzetu aliandika "nimechoka na dunia, nawaaga", kisha akafuta. Asubuhi kila mtu alijifanya hakuona. Nami nilinyamaza. (Mlinzi, Mbarara)

Kaka, ukifika hapa acha kusoma, mpigie sasa hivi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani; mara nyingi humpa mlango wa kusema. Kama anasema ndiyo, asibaki peke yake: tafuta mwanagrupu au ndugu aliye karibu naye aende akakae naye, vitu vya kumdhuru viondolewe, kisha wampeleke hospitali. Si lazima iwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Mbarara ikiwemo, zina vitengo vya afya ya akili. Akikataa simu zako, mpigie mtu wa nyumbani kwake. Siri haifiki huko.

Baadaye, hali ikitulia, asirudi kwenye grupu la watu mia mbili peke yake. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai: watu wenye sonona walikaa katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi na sita, wakizungumza misiba yao, ugomvi wao na maisha yaliyobadilika, na nafuu waliyoipata iliwazidi mbali wasiokaa. Waliowaongoza walikuwa watu wa hapahapa waliofundishwa kazi hiyo. Kiongozi aliyefundishwa, watu wachache, siku maalumu. Grupu lenu lina wengi, nao wanaongea wote kwa pamoja.

Mimi ndiye admini. Kila mgonjwa ananiandikia mimi, hadi usiku wa manane. Nimeanza kuichukia simu. Ni dhambi? (Mama, Nakivale)

Si dhambi, ni uchovu. Teua wenzako watatu, mgawane siku, na utangaze wazi kwamba saa nne usiku wewe huzima simu na namba ya zamu ni fulani. Hutalazimika kuondoka. Na wa kwanza kumpa zamu awe yule anayelalamika kila siku kwamba unachelewa kujibu.