Kibodi Imegoma? Weka Bisibisi Chini Kwanza

Msimu wa fildi umefika tena. Upepo wa Julai unapeperusha vumbi jekundu kutoka kila kiwanja kinachojengwa hapa Dodoma, na vijana wa vyuo wamejaa kwenye maduka yetu ya ufundi wakiwa na barua za utambulisho na hamu ya kufungua kila kitu. Nawapenda, kusema kweli. Wanauliza vizuri, na wanajua mambo ambayo sisi tuliyajua tumeshachakaa kazini. Ila kwenye suala la kibodi wananimaliza. Mteja hajamaliza kusema "haiandiki", laptopu imeshapinduliwa, skrubu zimetapakaa mezani na ribon, ule waya bapa wa kibodi, inaning'inia. Wiki hii nimemkuta mmoja anavua kibodi nzima ya laptopu ndogo kwa sababu ukibonyeza U inatoka 4 na ukibonyeza J inatoka 1. Aliyewahi kukaa benchi ameshajua. Num Lock, kitufe kinachogeuza baadhi ya herufi kuwa namba.

Basi haya ni yenu, wadogo zangu. Nimeyapa namba ili msiseme sikuwapangia.

1. Mhoji mteja kabla ya kuigusa mashine. Ilianza lini, ni vitufe vyote au baadhi, nani aliitumia mwisho, kuna programu iliyoongezwa. Kuhusu kumwagiwa kitu, msitegemee ukweli. Tangu nianze kazi hii sijampata mteja aliyemwaga chai. Chai humwagwa na mtoto, na paka, na binti wa kazi aliyekwisha rudi kwao Manyoni. Ukiuliza "Ilimwagikiwa kitu?" jibu ni hapana, huku macho yanaangalia barabarani. Mimi huuliza hivi: "Shikamoo mama. Hiyo chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?" Wengi hujibu kabla hawajakumbuka kukana. Na si utani tu. Maji matupu yakikauka, kibodi mara nyingine hufufuka yenyewe. Maziwa na sukari hubaki ndani, vitufe vinanata na njia za umeme zinaanza kuliwa. Ukisikia maziwa, zima, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, na usiiwashe "kuangalia kidogo tu". Hiyo kuangalia kidogo imeua mazabodi, yaani bodi kuu za mashine, nyingi kuliko radi.

2. Tafuta ugonjwa uko upande gani. Ristati uingie BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows, kwa F2, Del, Esc au F10, kutegemea mashine. Ukifanikiwa kuingia kwa kibodi ileile inayolalamikiwa, na mishale inatembea vizuri, basi kibodi ni nzima na kesi iko kwenye Windows. Ikigoma hata huko, acha kuhangaika na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa), maana huko draiva za Windows hazijaamka. Jaribio hili ni la dakika chache na halihitaji bisibisi, na bado kila mwaka nalifundisha upya.

Ukikwama kwenye paswedi, bonyeza kwa mausi ile alama ya msaada iliyo chini kulia kwenye ukurasa wa kuingilia. Utapata kibodi ya kwenye skrini.

3. Kuzima na kuwasha si kuristati. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukichagua Shut down, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na ukiwasha hurudishwa ilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Kwa hiyo mteja anayeapa kwamba "nimezima nikawasha mara kibao" hasemi uongo. Chagua Restart.

4. Msikimbilie kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Hapa nikae kidogo, maana hii namba nne imenigharimu.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka moja karibu na Jamatini, fleshi ya Windows 7 haitoki mfukoni, na kila ugonjwa niliutibu kwa fleshi hiyo. Akaja mama mmoja, mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo. Kibodi haiandiki. Nikabonyeza vitufe haraka haraka kama fundi anayejiamini: kimya. Nikachomeka kibodi ya USB: kimya vilevile. Nikatangaza pale pale kwamba kibodi mbili haziwezi kufa kwa pamoja, kwa hiyo Windows ndiyo imekufa. Hoja ilikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Vitu vyangu vitabaki, mwanangu?"

"Wala usiwe na wasiwasi, mama."

Kwa mausi nikanakili kila kilichokuwa kwenye Desktop na Documents, nikaformati, nikapiga Windows mpya, draiva, Office, kila kitu. Kibodi ikaandika safi kabisa. Nikajiona daktari bingwa. Mama akalipa bila kuomba punguzo, akaniagizia na soda.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kabla hatujafungua. "Mwanangu, ile folda ya michango umeiweka wapi?"

Folda ya michango ilikuwa imekaa moja kwa moja ndani ya diski ya C, nje ya Documents, kwa sababu mtu aliyemfundisha Excel alimwonyesha hivyo na yeye hakuona sababu ya kubadili. Michango ya wanachama, mikopo, marejesho, nani anadaiwa nini. Mimi hata sikuifungua C kuangalia. Nikaendesha programu ya kurejesha mafaili usiku kucha. Majina yalirudi, yote, yamejipanga vizuri. Kila nililolifungua lilikuwa limeharibika, maana nilishaandika Windows mpya na Office juu yake. Sijui kama mmewahi kuona jina la faili la mtu liko hai na ndani hamna kitu. Nilikaa nalo hadi adhana ya alfajiri, nikitunga namna ya kumwambia, na kila namna niliyoitunga ilianza na "kwa bahati mbaya". Bahati haikuhusika.

Kilichoniokoa ni kwamba mama yule hakuwahi kuiamini kompyuta. Kila tarakimu aliiandika kwanza kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu. Basi nikawa naenda ofisini kwake Jumamosi kwa Jumamosi, namsomea, yeye anaingiza. Nilimwomba niandike mimi, nina kasi zaidi. "Wewe soma tu, mwanangu. Kuandika niachie." Hakunifokea hata siku moja. Angenifokea ningepumua.

Na kwenye mojawapo ya Jumamosi hizo kibodi ikagoma tena, mbele yangu, kwenye Windows niliyoipiga mwenyewe. Mama alikuwa ameliegemeza daftari kwenye ukingo wa laptopu, upande wa kulia. Daftari limekandamiza Shift ya kulia. Ukiishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inalia na kuuliza kama uwashe Filter Keys. Mtu akigonga Enter bila kusoma (na nani anasoma?), inawaka, na kuanzia hapo mfumo unapuuza kila mbonyezo mfupi, hata uchomeke kibodi mpya iliyotoka kwenye boksi. Ile fleshi yangu ilitibu kwa sababu ilifuta mpangilio huo pamoja na kila kitu kingine. Ningebonyeza herufi moja na kuishikilia, badala ya kugonga gonga kwa mbwembwe, ingetokea baada ya muda kidogo nami ningejua. Dawa yake ni kuishikilia tena Shift ya kulia sekunde 8.

Nilimweleza. Alinyamaza, akalisogeza daftari, akasema, "Endelea, tulikuwa ukurasa gani?" Bado ni mteja wangu. Akinipeleka kwa wenzake hunitambulisha kama "fundi wangu, yule aliyenifutia".

Kwa hiyo: kabla ya kuformati, muulize mtu anahifadhi wapi vitu vyake, kisha fungua C kwa macho yako mwenyewe hata kama ameshakujibu.

5. Kibodi "iliyorogwa". Laptopu nyingi hapa ni za mkono wa pili kutoka Ulaya, na mpangilio wa lugha huja nazo. A inatoka Q na W inatoka Z? Hiyo ni AZERTY ya Kifaransa. Shift na 2 inatoa alama za kunukuu badala ya @? Huo ni mpangilio wa Uingereza. Kuna kijana alikuja anatetemeka, anaomba kazi mtandaoni na dirisha linafungwa usiku ule, na hawezi kuandika barua pepe yake kwa sababu @ imepotea. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space kubadili mpangilio, basi. Alitaka kunikumbatia.

6. Vitufe vikifa kwa kundi, msing'oe kofia za vitufe. Hili linanikera kuliko yote. Kibodi haina waya mmoja kwa kila kitufe. Ndani yake kuna njia za safu mlalo na safu wima, na kila kitufe ni mahali zinapokutana. Njia moja ikikatika, vitufe vyote vilivyo juu yake vinazimika hata kama havikai pamoja mbele ya macho yako, kama nguzo moja ya umeme ikianguka na nyumba za laini hiyo zote zikalala giza. Kwa hiyo kitufe kimoja kikigoma, tafuta uchafu chini ya kofia yake. Vikigoma vitano vilivyotawanyika, tatizo liko kwenye njia au ribon, na mara nyingi dawa ni kununua kibodi nyingine. Zile kofia mnazozing'oa kwa bisibisi zinavunjika vindoano vyake, na spea ya kofia moja moja mtaitafuta hadi mwisho wa fildi.

7, 8 na 9 kwa pamoja, nina njaa. Ribon ina kifuli: kiinue kwa ukucha kabla ya kuivuta, usiivute kwa nguvu. Kibodi isiyo na waya ikikatakata, badilisha betri kwanza, kisha ihamishe ile risiva, kidude chake kinachochomekwa kwenye kompyuta, mbali na soketi ya bluu ya USB 3.0, maana soketi hiyo inaingilia mawimbi ya 2.4 GHz ambayo kibodi hizo hutumia. Na kwenye ofisi zenye mashine kuukuu zenye soketi ya zambarau ya PS/2, ile ya duara ya kibodi za zamani, zima kompyuta ndipo uchomoe, kwa sababu soketi hiyo haikuundwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka. Huko ndiko mtakutana na ule ujumbe unaosema kibodi haipo, bonyeza F1 kuendelea. Ndiyo, bonyeza F1 kwenye kibodi ambayo haipo. Cheka, kisha kagua waya.

10. Vumbi. Msipulize kwa mdomo, mnatia mate. Tumia blowa, laptopu ikiwa imeinamishwa, na mwambie mteja aifunike usiku, hasa anayekaa maeneo ambayo barabara bado ni ya udongo. Maganda ya karanga mtakayoyakuta humo msimwonyeshe mbele za watu.

Mwisho, pesa, maana mmeniuliza: unamtoza mtu shilingi ngapi kwa kubonyeza Num Lock? Kuna mafundi huingia na laptopu chumba cha nyuma wakakaa huko nusu saa, wakatoka wanajifuta jasho. Mimi nabonyeza mbele yake, namwonyesha kitufe chenyewe, nachukua hela ya kuangalia iliyoandikwa ukutani, nakata risiti. Wengine huguna. Mwenzangu wa duka la pili anasema nawaharibia soko, na tumeshabishana hili mpaka wateja wanatuingilia. Ninyi mkiwa benchi langu mtafanya ninavyofanya mimi. Mkifungua la kwenu, mtaandika bei yenu ukutani.