EFRIS haijafanya kiwanda chako kuwa cha kidijitali

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Tuna kiwanda kidogo cha madumu ya plastiki hapa Jinja. Kampuni moja inatuuzia mfumo wa kuendesha kiwanda chote kwa kompyuta, leseni kwa dola kila mwaka. Wanasema wenye viwanda tukiishinikiza serikali ifute kodi ya vifaa hivyo, vikwazo vyote vimekwisha. Ni kweli? EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki za kodi) tunayo tayari.

JIBU: Marahaba. "EFRIS tunayo tayari" naisikia karibu kila kiwanda ninachoingia, na imenichosha. EFRIS, ya lazima tangu 2021, huiambia URA, mamlaka ya mapato, umeuza nini na kwa bei gani. Stempu za kodi za kidijitali, zilizoanza 2019, huhesabu bidhaa zinazotoka. Vyote viwili vinalinda geti. Hakuna kinachojua kwa nini mashine ilizima saa nane mchana, plastiki ikagandia ndani ya pipa la kuyeyushia na zamu nzima ikaishia kuikwangua.

Kodi ombeni ipunguzwe, ila msamaha humfaidi kwanza anayeagiza vifaa, yaani huyo huyo muuzaji wenu. Hata ushuru wa asilimia 12 kwenye bando za intaneti, unaopigiwa kelele sana, hauwaumizi: kihesabio cha madumu hakili data nyingi.

Kinachoumiza ni umeme na mkopo. Bwawa la Karuma lina megawati 600, lakini volteji ikiyumba nusu sekunde kwenye laini yenu, kidhibiti cha mashine kinazima. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni binafsi iitwayo Umeme Aprili 2025. Shinikizeni ilazimishwe kutangaza kila mwezi, laini kwa laini, umeme umekatika au kuyumba mara ngapi. Na benki hupenda dhamana inayoshikika. Programu na mafunzo ya fundi havipigwi mnada, kwa hiyo havikopesheki kirahisi. Serikali ikibeba sehemu ya hatari hiyo, tuseme kupitia Benki ya Maendeleo ya Uganda, wadogo kama nyinyi mtapumua.

Sasa hawa wachuuzi wa "kiwanda cha kisasa". Huwezi kumsikia hata mmoja akiomba kuona daftari la zamu. Mimi huanzia hapo, na mara nyingi nakuta wiki nzima imejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, sababu ya kila kusimama: "umeme". Ni wazi limeandikwa Ijumaa jioni. Uingize hayo kwenye kompyuta, utapata uongo ule ule, safari hii una grafu.

Kabla ya kusaini, uliza takwimu zenu zitakaa wapi, na siku mkiacha kulipa mtazitoa vipi zikafunguka kwenye programu nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hulinda taarifa za watu. Hesabu za mashine haizigusi; hizo zilindeni kwenye mkataba. Akisema "hilo tutaongea baadaye", msindikize getini.